Mfungwa wa Piano

Musembi aliletwa Garissa kwa siku nne, na siku hizo nne zilikuwa zimeingia mwezi wa tatu.

Alikuwa fundi wa Mwingi, mwenye vidole virefu na maneno machache, na Ukambani kote hapakuwa na aliyejua kupiga polishi kama yeye. Watu walisimulia kwamba aliwahi kulipiga polishi jeneza la mzee mmoja mpaka marehemu akaamka kidogo, akajitazama humo, kisha akalala tena ameridhika. Hilo huenda limetiwa chumvi. Lakini kwamba nzi walikuwa wakiteleza juu ya meza zake na kuvunjika miguu, hilo lina mashahidi, na wawili kati yao bado wako hai.

Aliyemwita ni Bwana Gichuki, katibu wa Klabu ya Mtoni, mahali walipokunywa maofisa na makarani wa bara waliopangiwa kazi upande ule. Gichuki alivaa tai katika joto ambalo lilikuwa likitoa misumari ubaoni, na alikuwa na cheo kingine kilichomfanya aamkiwe hata na waliomzidi umri: ndiye aliyeandika orodha ya raia wa kupanda msafara.

Mwaka ulikuwa sitini na saba, vita na shifta, Wasomali waliotaka kujitenga na Kenya, viko mwaka wake wa nne, na hakuna aliyetoka Garissa kivyake. Barabara ya kwenda bara ilikuwa na mabomu yaliyofukiwa. Malori yaliondoka Alhamisi, moja baada ya jingine, askari mbele na askari nyuma, na kama jina lako halikuwa kwenye karatasi ya Gichuki, kizuizi cha darajani hakikuinuka kwa ajili yako.

Piano yenyewe iliachwa na Mzungu mmoja aliyekwenda likizo kwao mwaka wa uhuru, na mpaka leo yuko likizoni. Ilifika Garissa kwa ngamia wanne, wa tano amebeba kiti chake tu na kujiona bwana. Jua la miaka ishirini lilikuwa limeipasua polishi yake vipande vidogo vidogo, kama mgongo wa mamba wa mtoni. Mbele ilikuwa imebabuka. Juu ya kifuniko palikuwa na alama ya sufuria ya moto, na ubavu wa kushoto ulirambwa na mbuzi mpaka mbao ikabaki uchi. Nusu ya vibonye havikulia, lakini hilo halikumsumbua Gichuki, kwa kuwa hapakuwa na mtu aliyejua kuipiga.

"Mimi nataka imete," alisema siku ya kwanza. "Wageni wa Nairobi wakija waone tuko na kitu. Ikimeta, jina lako nalitia. Isipometa, fundi, tutazeeka pamoja hapa."

Musembi alicheka, akidhani ni utani.

Alikwangua polishi ya zamani kwa vipande vya chupa. Akapiga msasa. Akaloweka magamba ya lakri ndani ya spiriti, akafunga pamba ndani ya kitambaa cha kitani, akaanza kuzungusha mkono, duara juu ya duara, kama alivyofundishwa na Mhindi mmoja wa Nairobi aliyekuwa akimpiga ngumi ya mgongo kila alipokatisha mwendo. Joto la Garissa lilikausha spiriti kabla mkono haujamaliza duara, basi ikabidi afanye kazi saa mbili tu za alfajiri, kisha akae. Majuma matatu yalipita hivyo. Siku ya mwisho Gichuki alichana nywele zake mbele ya kifuniko, akakaza tai, akaenda kuandika: Musembi, fundi, Alhamisi.

Jumamosi kulikuwa na karamu. Jumapili asubuhi Musembi alikuta duara kumi na saba nyeupe juu ya kifuniko. Polishi ile huyeyuka kwa spiriti, na brandi ni spiriti iliyofundishwa adabu. Aidha, ofisa mmoja alikuwa ameegemea akachapa kiwiko chake pale na kila uzi wa shati lake, na mwingine aliacha gazeti, likaganda, likabanduka, likaacha maandishi nyuma. Kwa siku mbili watu walikuja kusoma bei ya mahindi kinyumenyume juu ya piano.

Gichuki alichukua rula, akalikata jina la Musembi kwa mstari ulionyooka.

"Bwana Katibu, si mimi niliyeweka glasi."

"Na mimi nimesema ni wewe?"

"Basi waambiwe wasilewe juu yake."

"Maofisa hawalewi, fundi. Wanapumzika. Anza upya."

Alianza upya. Karamu ikaja. Akaanza tena.

Kufikia Machi alikuwa amejua kila mwiba wa waya uliozunguka klabu. Alilala kwenye chumba cha nyuma kilichokuwa stoo ya viti vilivyovunjika, na kutoka dirisha lake aliona daraja, kizuizi chake chekundu na cheupe, na upande wa pili, karibu kabisa, barabara ya kwenda kwao. Kila jioni king'ora kililia, milango ikafungwa, na mji mzima ukanyamaza kama mtu aliyezibwa mdomo. Nguo zake zilinuka spiriti. Chakula kilinuka spiriti. Askari wa lango alimwita Mlevi, ingawa tangu abatizwe hakuwa ameonja hata busaa.

Ndipo ikafika barua ya bintiye, Zilpah.

"Baba," aliandika, "wazee wa kijana wamesema ni Jumamosi tarehe kumi na nane. Mara ya kwanza walikuja na mbuzi watatu wa ntheo, tukawaambia uko safarini, wakarudi nao. Wazee wao wanasema hawatakabidhi mbuzi kwa mtu mwingine yeyote ila baba mzazi, na wakirudi nao mara ya pili, hawatawaleta ya tatu. Kijana mwenyewe anahamishiwa Kisumu na kazi ya reli. Baba, njoo."

Kwa Wakamba, bila mbuzi wale watatu wa ntheo kupokewa na baba, Zilpah asingehesabiwa mchumba wa mtu. Musembi aliisoma barua mpaka mikunjo ikachanika. Msafara wa Alhamisi tarehe kumi na sita ungemfikisha. Uliofuata usingemfikisha, na tena mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya upande wa bara. Mvua ikinyesha, udongo ule mweusi humeza lori mpaka vioo.

Alikwenda kwa Sajini Murithi, mkuu wa msafara, Mmeru mfupi aliyekuwa na sauti ya mtu mrefu.

"Afande, nibebe. Nitakaa hata juu ya magunia."

"Uko kwenye orodha?"

"Katibu amenikata."

"Basi hata ukigeuka kiatu changu, darajani nitakuvua." Kisha akalegea kidogo. "Mimi pia sipendi, mzee. Lakini wiki iliyopita tumezika watu watatu. Nakwenda na karatasi tu."

Musembi alirudi, akakaa chini mbele ya piano. Ilikuwa ikimeta, ila palikuwa na duara nyeupe za Jumamosi iliyopita. Jumamosi nyingine ingekuja, na glasi zingekuja nayo.

Hapo ndipo Nurto alipozungumza naye kwa mara ya kwanza. Alikuwa mama wa Kisomali, wa makamo, mfugaji ambaye ngamia wake walichukuliwa na serikali, naye na jamaa yake wakahamishiwa kijiji cha waya kilichokuwa nje ya mji, ambako walihesabiwa asubuhi na jioni. Alibakiwa na mbuzi wachache, na kipande cha karatasi kilichomruhusu kuingiza maziwa klabuni kila siku. Alikuwa amempita Musembi miezi miwili bila neno.

"Fundi," alisema, akitua mzigo wake, "wewe nafungwa na nini hapa?"

"Na piano, mama."

Nurto akaitazama piano juu mpaka chini. "Mimi nafungwa na waya. Waya afadhali. Yeye hataki kung'ara."

Musembi akacheka, na kicheko kikamshtua, kwa kuwa hakuwa amekisikia tangu Januari.

"Kila siku nakuona," Nurto aliendelea, "napaka, nafuta, napaka, nafuta. Hii biano yako kama bibi arusi ya mjini. Mvua kidogo, uso yote chini. Angalia hii." Akamsogezea chombo chake cha maziwa, dhiil kama wanavyokiita, kirefu, cheusi kwa uzee. "Ya nyanya yangu. Maziwa ndani, chai moto ndani, ngamia nakalia, mtoto natapikia. Iko."

Musembi alikigusa. Hakikumeta hata kidogo. Kilikuwa laini kama mdomo wa ndama. Kwa tabia ya ufundi akachovya kidole kwenye spiriti, akatonesha tone moja ubavuni mwake.

Nurto akampiga kofi mkononi. "Wallahi nakata hiyo kidole!"

Lakini tone lilikuwa limekaa pale kama jicho la samaki. Musembi alilifuta. Hapakuwa na alama.

Akakigeuza chombo mwangani. "Mnakipaka nini?"

"Samli. Malmal, ile utomvu ya mti. Na moshi. Mkono mingi, moshi mingi."

"Mimi nina nta," Musembi alisema polepole. "Nta ya nyuki, ya kwetu." Kisha akatikisa kichwa. "Hapana, mama. Mimi ni mtu wa polishi. Nikiipaka kama kibuyu, nitakuwa nimejivua suruali mbele ya watu. Na yule bwana anataka kioo."

"Yule bwana nataka kioo kila Jumamosi. Wewe nataka nini?"

"Nataka Alhamisi," Musembi alisema. Piano isiyoshika alama ya glasi isingempa katibu sababu ya kukata jina. Akaingia stoo, akatoka na vipande vya chupa, akaanza kukwangua.

Ilikuwa Jumatatu. Gichuki alikuwa amepanda ndege ndogo kwenda Wajir, na angerudi Jumanne mchana. Musembi alikwangua mpaka vidole vikatoka damu, na kila kipande cha kioo chake mwenyewe kilichoanguka kilimuuma, kwa kuwa alikumbuka asubuhi alizokitengenezea. Akayeyusha nta na malmal ndani ya samli. Akasogeza jiko la makaa karibu na mbao ili ipate joto na kufungua vinyweleo, akapaka kwa kiganja kitupu, akasugua, akapaka. Nurto alikuwa akileta maziwa na kukaa kidogo, akimsimanga.

"Sugua! Hiyo ni mbao ama ni mgonjwa?"

"Mama, nimeanza kazi hii kabla hujaota meno."

"Na bado hujajua. Pole sana, walaal, ndugu yangu."

Jumanne saa nne piano ilikuwa na rangi ya chai ya mkandaa. Haikumwonyesha mtu uso wake. Lakini ukiigusa, mkono haukutaka kutoka. Musembi alisimama akiitazama, akahisi ametengeneza kitu asichokijua jina.

"Nje tayari," Nurto alisema. "Na ndani?"

"Ndani hakuonekani."

"Chombo bila kufukiza ndani naoza. Wewe nakunywa maziwa kwa chombo bila moshi?"

"Mama, hii haitiwi maziwa."

"Natia sauti. Sauti naoza pia."

Sasa, mtu mwingine angemkatalia. Musembi alikuwa na furaha kidogo na usingizi haba, na huyu mama alikuwa amekuwa sahihi mara zote mpaka hapo. Akafungua mlango wa chini wa piano. Nurto akatia makaa kwenye chetezo, akanyunyiza malmal ngumi nzima, akakiweka ndani katikati ya nyaya, akafunga.

Kwa muda hapakutokea kitu. Halafu moshi ukaanza kupenya katikati ya vibonye, uzi mmoja mmoja, mweupe. Ukatoka chini ya kifuniko. Ukatoka dirishani kwa wingi, ukapanda, na nyuma ya dirisha lile, hatua ishirini tu, palikuwa na ghala la petroli la msafara.

Filimbi ikalia. Ikajibiwa na nyingine. King'ora kikaanza mchana kweupe, na mbuzi wa Garissa nzima wakalala chini kama walivyozoeshwa. Askari wanane waliingia kwa mlango mmoja uliotengenezewa wawili. Wa kwanza, kijana aliyefika juzi, aliona sanduku kubwa linalotoa moshi, akalielekezea bunduki.

"Toka humo! Mikono juu!"

Piano haikutoka. Wa pili akaimwagia ndoo ya maji, na wa tatu ndoo nyingine. Maji yaligonga kifuniko, yakajikunja kuwa shanga, yakabingirika mpaka sakafuni, na kifuniko kikabaki kikavu. Musembi, akiwa amebanwa shingo ukutani, aliyaona yale maji, na Mungu amsamehe, akatabasamu.

Moshi ulipotulia, Sajini Murithi alisimama katikati ya chumba akiwa na chetezo mkononi. Bwana Gichuki aliingia akihema, tai begani, mkoba wa safari bado mkononi. Aliona maji. Aliona askari. Kisha akaiona piano, na uso wake ukaanguka kama turubai lililokatwa kamba.

"Kiko wapi kioo changu?"

"Bwana Katibu," alisema sajini, "kwanza moto. Nani amewasha moto karibu na petroli?"

Nurto alikuwa amesimama kando ya mlango, na askari wawili tayari walikuwa wameshika mikono yake. Hakuwa akitania tena. Midomo yake ilitembea bila sauti. Kila mtu mle ndani alijua maana ya mwanamke wa kijiji cha waya kukutwa na moto ndani ya klabu ya maofisa. Wapo waliochukuliwa kwa kidogo kuliko hicho, na jamaa zao bado walikuwa wakiuliza walikopelekwa.

Gichuki alimvuta Musembi pembeni, akamnong'oneza. "Sikiliza. Hicho kifaa ni chao. Sema ni huyo mama tu, amekuja na shifta wake kichwani. Wewe huna habari. Mimi naandika jina lako sasa hivi, keshokutwa uko kwa lori. Nani atakulaumu?"

Musembi alimtazama. Hata wakati ule aliiona barua, mwandiko wa Zilpah ulioinamia mbele kama mtu anayekimbia. Aliwaona mbuzi watatu wakigeuzwa langoni. Neno moja tu. Na si ni kweli mkono uliowasha ulikuwa wa Nurto?

"Afande," alisema kwa sauti, "moto ni wangu."

"Unasema nini wewe!" Gichuki alifoka.

"Ni dawa ya mbao. Kwetu tunafukiza. Huyu mama nilimtuma hicho chetezo, hakujua cha nini. Mimi ndiye niliyewasha."

Sajini Murithi alimwangalia kwa muda mrefu. Akanusa chetezo. Akamwangalia Nurto, na mikono yake yenye samli mpaka viwikoni. Kama aliona, hakusema.

"Wajua hilo ni kosa la kufungwa?"

"Sasa najua."

"Mfungeni."

"Ngoja, ngoja," Gichuki aliingia kati. "Sajini, huyu ni mjinga tu, si mtu mbaya. Mwache kwangu. Ana kazi hapa, lazima arudishe kioo. Nitamlinda mwenyewe, hata miezi sita."

"Bwana Katibu, wewe andika orodha. Moto ni wangu." Sajini akafungua daftari. "Mtu wa bara akifanya jambo la hatari ndani ya mji, hakai hapa akilishwa. Anaondolewa chini ya ulinzi kwa msafara wa kwanza, na harudi. Hilo halihitaji orodha yako."

Musembi hakuelewa kwanza. Alipoelewa, aliinama kushukuru, askari wakadhani ni woga, wakamshika vizuri.

"Vifaa vyake vinabaki," sajini aliendelea, akiandika. "Na wewe, mama. Karatasi yako."

Nurto aliitoa kifuani, imekunjwa mara nne. Sajini akaitia mfukoni.

"Afande," Musembi alisema, "nimekwambia huyu hakujua."

"Ndiyo maana anarudi kwake leo kwa miguu yake. Zaidi ya hapo usiniombe."

Nurto aliokota dhiil yake. Alipompita Musembi hakusema asante. Alisema tu, chini chini, "Umesugua fizuri," akatoka kwenye jua akiwa na askari nyuma yake.

Alhamisi alipakiwa kwenye lori la tatu, katikati ya askari wawili, akitazama nyuma, pingu mkononi na mfuko mtupu magotini. Bila msasa, bila randa, bila kitambaa chake cha kitani cha miaka kumi na moja. Wasafiri wengine walimwangalia kwa hofu na kumwachia nafasi, kwa kuwa habari zilikuwa zimekwisha kukua njiani: alikuwa amelipua klabu, na piano iliruka mpaka ng'ambo ya Tana ikiimba.

Malori yalipita kando ya kijiji cha waya saa ya kuhesabu. Wanawake walikuwa wamechuchumaa kwa mistari, na karani akipita na fimbo akigusa hewa juu ya kila kichwa. Nurto alikuwa mstari wa pili, dhiil miguuni pake, mdomo wa chombo umefunikwa kwa kitambaa kisafi. Hakuwa akienda kokote nayo. Musembi aliinua mikono yake miwili iliyofungwa.

Askari akaishusha. "Wanaoondolewa hawaagi, mzee."

Darajani karatasi ilisomwa, kizuizi kikainuka, na ubao wa daraja ukaanza kunguruma chini ya magurudumu. Ijumaa angekuwa nyumbani. Jumamosi mbuzi wangemkuta amesimama langoni, na Zilpah angelia kwa furaha, na mtu angemwuliza amekaaje huko muda wote huo. Alijaribu kulifikiria jibu. Alichofikiria ni maziwa ya asubuhi ile, na mlango mmoja tu, ule wa klabu, uliokuwa ukiyapokea, na kwamba yeye ndiye aliyeufunga.

Walipofika ng'ambo askari alimfungua pingu, akamwambia sasa yuko huru kidogo, anaweza kugeuka aitazame njia ya kwao.

Musembi akamshukuru. Hakugeuka.